Kujikinga na mashambulizi ya pofiria: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Panadol ina shida? Naweza kufunga Ramadhani? Ugonjwa unaambukiza? Nikizaa, mtoto ataupata? Mbona vipimo vyote vinarudi safi na mimi tumbo linaniua? Mdogo wangu wa kike ana pofiria, ugonjwa wa kurithi unaoleta mashambulizi ya maumivu makali ya tumbo, na mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki hapa Dodoma, kwa hiyo familia ikishakabidhiwa jina hilo geni na daktari, mara nyingi mtu huwaelekeza kwangu. Nimeandika haya ili atakayefuata aanze na karatasi mkononi.

Majibu ya haraka kwanza. Panadol haina shida. Kufunga, hapana. Hauambukizi. Mtoto anaweza kuurithi, uwezekano ni nusu kwa nusu kwa kila mimba, lakini wengi wanaorithi hawapati shambulio hata moja maisha yao yote. Suala la vipimo kurudi safi nimeliweka Hatua ya 1.

Ninaongelea pofiria za mashambulizi, hasa ile ambayo madaktari huiandika AIP, kifupi cha Kiingereza cha acute intermittent porphyria. Kundi hilo lina ndugu zake wengine. Mmoja umeenea Afrika Kusini, na asili yake imefuatiliwa hadi kwa walowezi wa Kiholanzi wawili waliooana Cape mwaka 1688. Huo huleta mashambulizi ya tumbo na pia malengelenge ya ngozi kwenye jua. Ziko vilevile pofiria za ngozi tupu ambazo hazina mashambulizi. Kama yako ni hizo za mwisho, mengi ya hapa hayakuhusu.

Nadharia ni hii tu: ini hutengeneza kitu kiitwacho hemu kwa kupitia vimeng'enya vinane, na wewe umerithi upungufu wa kimoja. Ini likikaa kwa utulivu, upungufu huo hauonekani. Likisukumwa lifanye kazi haraka, malighafi mbili, ALA na PBG, hurundikana na kuathiri mishipa ya fahamu: ya tumbo, ya moyo, ya misuli, hata ubongo. Wanaolisukuma ini wanajulikana: baadhi ya dawa, njaa, pombe, sigara, homoni za kike za kila mwezi, na maradhi kama malaria. Kazi yako ya kila siku ni kuwazuia hao. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu unazuiwa zaidi kwenye dirisha la duka la dawa na jikoni kuliko wodini.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Majibu ya kipimo kwa maandishi, yenye aina ya pofiria yako. "Daktari alisema" haitoshi.
- Daktari mmoja anayejua faili lako, hata kama si bingwa wa ugonjwa huu. Anayekubali kusoma anatosha.
- Njia ya kuangalia usalama wa dawa. Hifadhidata ya NAPOS, kituo cha pofiria cha Norway, iko wazi mtandaoni, na American Porphyria Foundation nao wana ya kwao. Chuo Kikuu cha Cape Town kina wataalamu wa siku nyingi wa ugonjwa huu. Daktari wako anaweza kuwaandikia.
- Daftari moja na kalenda ya ukutani, hata ile ya bure ya mwisho wa mwaka.
- Pakiti ya glukosi ya unga nyumbani, nyingine kwenye begi.
- Mtu wa pili anayejua kila kitu unachokijua wewe. Siku ya shambulio mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa asijieleze.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa umethibitishwa

Kipimo kinachotafutwa ni PBG kwenye mkojo, pamoja na ALA na kreatinini. Si picha kubwa ya damu, si altrasaundi, si kipimo cha choo. Ndiyo sababu watu huzunguka na bahasha nene za majibu safi: walichopimwa sicho. Wakati wa shambulio la AIP, PBG hupanda mara nyingi zaidi ya kiwango cha kawaida, na hapo hakuna ubishi.

Mkojo wa mara moja unatosha, huhitaji kukusanya wa saa 24. Lakini uchukuliwe maumivu yakiwapo, kabla ya kupewa hemini, dawa ya kutibu shambulio. Kikopo kifungwe kwa foili pale pale, kiwekwe kwenye barafu, kisikae dirishani. Mwanga unaharibu PBG. Ukitaka kuona jambo lenyewe, acha mkojo wa siku ya shambulio kwenye chupa nyeupe juani. Unaweza kuingia njano na baada ya muda ukawa na rangi ya rozela. Si kila mgonjwa huona hivyo, kwa hiyo mkojo kutobadilika rangi hakukufutii ugonjwa.

Kosa la kawaida: kutoa sampuli kabla ya kuuliza. Si kila maabara inapima PBG. Uliza kwanza inapelekwa wapi, itasafiri kwenye barafu au la, na majibu yatarudi kwa nani. Kama sampuli inatoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, ni bora mgonjwa mwenyewe apewe rufaa hadi mjini kuliko kikopo kupanda basi na jua la saa saba.

Kipimo cha vinasaba huja baadaye. Hicho huonyesha kosa la kurithi lenyewe, na ndicho kitakachowasaidia ndugu zako.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi

Kadi ndogo, iende stesheneri ikafanyiwe laminesheni, moja kwenye pochi, nyingine ikae na yule mtu wa pili. Piga na picha uiweke kwenye simu. Maandishi yawe mafupi, mfano:

*Nina pofiria ya mashambulizi, AIP. Maumivu makali ya tumbo, kutapika, moyo kwenda mbio, misuli kulegea, degedege au kuchanganyikiwa huenda ni shambulio. Usinipe dawa yoyote kabla ya kuangalia usalama wake kwenye pofiria. Pima sodiamu na potasiamu. Chukua mkojo kwa PBG, ukingwe na mwanga. Nianzishie dripu ya glukosi 10%. Daktari wangu: … Ndugu yangu: …*

Nyuma yake yaandikwe hayohayo kwa Kiingereza, maana mafaili ya hospitali huandikwa Kiingereza, na chini orodha fupi ya dawa zisizofaa kwako. Orodha hiyo mwombe mfamasia akuandikie majina kama yalivyo kwenye boksi. Usiandike kwa kukisia matamshi.

Hatua ya 3: Dawa yoyote, jina kwanza

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo mashambulizi mengi yanayozuilika huanzia.

Unajua inavyokuwa. Umefika duka la dawa muhimu la mtaani, Chang'ombe au Majengo, umesema kichwa na mwili vinauma. Muuzaji anakata vidonge kutoka kwenye karatasi yake, anavitia kwenye kibahasha kidogo, anaandika 1x3, anakusogezea dirishani. Hakuna jina, hakuna tarehe. Kwa mtu mwingine hiyo ni huduma ya kawaida. Kwako wewe hicho kibahasha hakiendi nyumbani. Sema kwa upole: "Dada, naomba uniandikie jina la dawa, nina ugonjwa unaochagua dawa." Akikataa au asipojua, acha hapo, nenda famasi yenye mfamasia.

Za kuepuka, zile utakazokutana nazo zaidi huku kwetu:

- Dawa zenye salfa: Septrin, na SP ambayo wazee bado wanaiita Fansidar. Dapsoni nayo imo.
- Dawa za kifafa za kizamani: fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini, valproeti. Hizi ni hatari mara mbili, kwa sababu shambulio lenyewe linaweza kuleta degedege, na mkono wa kwanza wa mhudumu huenda kwenye fenobabitoni. Mwambie levetirasetamu na gabapentini ndizo zilizo upande salama, na magnesiamu salfeti pia, na kwamba sodiamu ipimwe kwanza, kwani mara nyingi degedege inatokana na sodiamu iliyoshuka.
- Rifampisini ya kifua kikuu. Ukikutwa na TB usitupe dawa wala usikimbie kliniki. TB lazima itibiwe. Mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza ili wapange upya.
- Griseofulvini ya fangasi za kichwa.
- Eritromaisini na kloramfeniko.
- Sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya projestini. Nitarudi huko.
- Thiopentali, dawa ya kulaza kwa upasuaji.

Zilizo upande salama na zinapatikana: parasetamoli, ibuprofeni (ila isiwe mazoea, figo za mwenye AIP zinahitaji kulindwa), aspirini, amoksilini na penisilini nyingine, mofini, klopromazini, propranoloo, kwinini. Diklofenaki, ile sindano ya maumivu ya mgongo inayopendwa sana, imo kwenye baadhi ya orodha za kuepuka, na kwa kuwa una mbadala, sioni sababu ya kuibahatisha.

Malaria inastahili mistari yake. Malaria yenyewe ni kichocheo cha shambulio, na malaria kali inaua haraka kuliko pofiria. Kwa hiyo pima mapema, tibu mapema. Kama ni mseto au sindano, daktari aangalie orodha, lakini kuangalia huko kuchukue dakika, si siku. Nimesikia watu wakikataa matibabu ya malaria kwa jina la pofiria. Huko ni kukimbia mvua na kujitosa bwawani.

Wenye VVU wanaohudhuria CTC: kadi ionyeshwe kabla ya kuandikiwa Septrin ya kinga, na mchanganyiko wowote ukibadilishwa uliza tena.

Mitishamba, dawa za kusafisha damu, za kupunguza unene, za nguvu za kiume: hakuna orodha ya pofiria inayoweza kukuambia ndani yake mna nini. Mimi jibu langu ni hapana, na nikiulizwa na bibi yangu namjibu hivyohivyo, kwa heshima.

Kosa la kawaida: kudhani dawa uliyowahi kumeza bila shida ni salama milele. Wakati mwingine shambulio linahitaji vichocheo viwili kukutana, dawa na njaa, au dawa na siku za kukaribia hedhi. Kukupita mara ya kwanza si kibali.

Hatua ya 4: Kula, na kula kwa wakati

Ini linapokosa wanga hujisukuma lenyewe. Lengo ni milo mitatu na vitafunio katikati, wanga ukiwa nusu au zaidi kidogo ya chakula chote. Huhitaji chakula cha ajabu. Ugali wa uwele au mtama na mlenda ni mlo mzuri kabisa, wali, viazi vitamu, muhogo, chapati, ndizi. Asubuhi uji usikose. Usiku kula kabla ya kulala ili mwanya hadi asubuhi usiwe mrefu.

Kosa la kawaida la kwanza ni kujaza tumbo kwa karanga. Karanga ni nzuri, lakini zina wanga kidogo. Ukisafiri kwenda Dar, iwe kwa basi au kwa treni ya mwendokasi, beba ndizi, maandazi, zabibu, na ile glukosi. Gari likiharibika Gairo usiku hutakuwa na la kujutia.

La pili ni upande wa pili: mtu akisikia wanga unakinga, anaanza soda tano kwa siku. Mwili unaongezeka, sukari inapanda, halafu anakuja na ugonjwa wa pili. Kula kawaida, usikae na njaa. Basi.

La tatu ni kupunguza unene kwa haraka. Keto, kula mara moja kwa siku, juisi ya wiki nzima, yote hayo hayakuhusu. Ukitaka kupungua, pungua polepole na mtaalamu wa lishe akijua una pofiria.

Sasa mfungo. Muislamu mwenye ugonjwa wa kudumu ana ruhusa ya kutofunga na kutoa fidia kwa kulisha masikini. Zungumza na shehe wako mapema kabla ya mwezi kuandama ili usijisikie mpweke nyumbani kwako. Mkristo, hasa wa makanisa yenye maombi ya kufunga kavu, mweleze mchungaji kwamba kwako kufunga kunaweza kuishia wodini. Sijaona kiongozi wa dini aliyeelezwa vizuri akashikilia mtu afunge. Wanaoshikilia ni majirani.

Kwa kaya za vijijini kuna jambo jingine. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi kabla ya mavuno ghala huwa tupu. Watu wazima hujinyima ili watoto wale. Mwenye pofiria asiwe miongoni mwa wanaojinyima, na familia ielezwe sababu, la sivyo ataonekana mchoyo.

Ukiambiwa ukae bila kula kwa ajili ya upasuaji au kipimo, omba uwe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo na uwekewe dripu ya glukosi wakati unasubiri.

Hatua ya 5: Hedhi, uzazi wa mpango na mimba

Mashambulizi huwapata zaidi wanawake, kuanzia kubalehe hadi kukoma hedhi, na wengi huumwa katika wiki mbili za kabla ya kuingia mwezini. Weka alama kwenye kalenda. Baada ya miezi michache utaona kama kuna mpangilio. Ukiwepo, siku hizo ndizo za kutoruka mlo, kutokesha, na kutojaribu dawa mpya. Mashambulizi yakifuata mwezi kila mara, daktari anaweza kufikiria sindano za kusimamisha hedhi kwa muda. Hiyo ni ya bingwa.

Uzazi wa mpango: kitanzi cha shaba kisicho na homoni, au kondomu. Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi, usiweke. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia mwilini huwezi kuitema.

Mimba: wengi hujifungua salama. Lakini kliniki ya wajawazito hutoa SP ya kukinga malaria, vidonge vitatu vinavyomezwa pale pale mbele ya muuguzi. Onyesha kadi kabla hujashika kikombe cha maji. Badala yake lala kwenye chandarua kila siku, na ukihisi homa upimwe siku hiyohiyo. Kutapika kwa mimba changa usikuchukulie poa; mama asiyebakiza chakula tumboni amefunga bila kutaka. Ondansetroni iko upande salama.

Hatua ya 6: Pombe, sigara, bangi, usingizi

Acha vitatu vya kwanza. Najua hapa ni nchi ya zabibu na mvinyo uko kila sherehe. Shika glasi ya juisi. Lala vya kutosha. Homa, jino bovu, kidonda, vitibiwe mapema. Daktari wa meno naye aone kadi kabla ya ganzi.

Kwa wenye aina ile ya malengelenge: jua la Dodoma halina masihara, na kioo cha gari hakizuii mwanga unaowaumiza, wala losheni za kawaida za jua. Mikono mirefu, kofia pana, na losheni nzito yenye zinki.

Hatua ya 7: Andika daftari

Mstari mmoja kwa siku: umekula mara ngapi, umelala vipi, dawa gani, siku ya ngapi ya mwezi, maumivu, rangi ya mkojo. Usiandike insha. Likiwa refu utaliacha. Thamani yake ni siku daktari atakapouliza "nini kilitangulia?" nawe ukafungua ukurasa.

Hatua ya 8: Panga siku ya shambulio kabla haijafika

*Dalili za mwanzo, bado unakula:* kula wanga au kunywa glukosi kila baada ya saa mbili tatu, meza parasetamoli, pumzika, mpigie daktari. Tafuta kichocheo, kama ni dawa mpya muulize kama isimamishwe. Dalili zisipotulia ndani ya siku moja, nenda hospitali.

*Unatapika, au maumivu hayavumiliki:* hospitali sasa, na kadi, daftari na mtu wa pili. Glukosi ya mdomoni haina maana kwa anayetapika.

*Miguu au mikono inalegea, sauti inabadilika, kumeza au kupumua kunakuwa kazi, degedege, kuchanganyikiwa, mkojo kugoma kutoka:* hii ni dharura ya saa hiyohiyo. Kama uko wilayani omba rufaa ya haraka kwenda mahali penye wagonjwa mahututi, kwa Dodoma ni Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Hospitalini, mambo ambayo mtu wa pili anaweza kuyauliza bila kumfundisha daktari kazi: sodiamu imepimwa? Glukosi ni ya asilimia 10? Kiasi kinachotajwa kwenye miongozo ni gramu 300 kwa siku, sawa na lita 3 za hiyo asilimia 10. Glukosi ya asilimia 5 tupu, chupa baada ya chupa, inaweza kushusha sodiamu zaidi. Maumivu yatibiwe kwa mofini, ni maumivu ya kweli.

Tiba hasa ya shambulio ni hemini, miligramu 3 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku nne, kwenye mshipa mkubwa kwa sababu inachoma mishipa midogo. Ilikubaliwa Marekani tangu 1983, lakini usitegemee kuikuta famasi ya mtaani. Ndiyo maana daktari wako aulizie mapema, ukiwa mzima, hospitali gani inaweza kuiagiza, bima inasemaje, na itafikaje. Kuulizia siku ya shambulio ni kuchelewa.

Ukipata mashambulizi manne au zaidi kwa mwaka, zipo njia za kinga: hemini ya mara kwa mara, au givosirani, sindano ya kila mwezi iliyokubaliwa Marekani Novemba 2019. Bei zake ni za kutisha, sikufichi. Kupandikizwa ini huondoa mashambulizi, lakini ni kwa wachache sana walioshindikana kwa njia nyingine zote.

Hatua ya 9: Kliniki hata ukiwa mzima

Kila mwaka: shinikizo la damu, kreatinini ya figo, vipimo vya ini, na kama ulipewa hemini mara nyingi, feritini, kwa sababu kila dozi huacha madini ya chuma mwilini. Kuanzia miaka 50, altrasaundi ya ini kila miezi sita, hata kama hukuwahi kuumwa tumbo, maana hatari ya saratani ya ini ni kubwa zaidi kwa wenye AIP. Chanjo ya homa ya ini B uipate. Na useme ukweli kuhusu huzuni na kukosa usingizi. Ni sehemu ya ugonjwa, na zipo dawa salama.

Hatua ya 10: Kaa na familia

Wazazi, kaka, dada na watoto wanaweza kuwa wamerithi bila kujua. Mkojo wa ndugu asiyeumwa unaweza kuwa safi kabisa ilhali amerithi, kwa hiyo kwao kipimo cha maana ni cha vinasaba, kwa kutumia kosa lililoonekana kwako. Anayesubiri kipimo afuate kanuni za dawa kana kwamba anao. Watoto wadogo mara chache hupata shambulio, lakini kanuni za dawa zianze mapema.

Waambie pia kwamba siku mgonjwa akiongea yasiyoeleweka, asikimbizwe kwa mganga, na mtu asitoe utani wa "mpelekeni Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili. Apelekwe na kadi yake.

Mambo yakienda kombo

*Mkojo mwekundu lakini hakuna maumivu.* Umekula biturutu? Unatumia rifampisini? Kichocho na maambukizi ya njia ya mkojo pia hubadilisha rangi. Pima mkojo wa kawaida kwanza; rangi peke yake si shambulio.

*PBG iko juu lakini najisikia vizuri.* Kwa AIP inaweza kubaki juu muda mrefu baada ya shambulio. Ndiyo maana ni vizuri kujua kiwango chako ukiwa mzima, ili cha siku ya ugonjwa kilinganishwe nacho.

*Nimeshameza dawa isiyofaa.* Usimeze ya pili. Kula wanga, mpigie daktari, andika saa na jina, angalia dalili kwa siku zinazofuata. Dawa ya kifafa, TB au VVU usiiache ghafla kwa uamuzi wako.

*Wanataka kunipasua, wanasema ni kidole tumbo.* Inaweza kuwa kweli, mwenye pofiria naye ana kidole tumbo. Lakini katika shambulio, tumbo huuma sana huku likibonyezwa ni laini, na mara nyingi hakuna homa kubwa. Omba PBG ichukuliwe na altrasaundi ifanyike kwanza. Kama upasuaji ni lazima, mtaalamu wa usingizi aone kadi. Propofoli iko upande salama.

*Maumivu ya miguu hayaishi hata baada ya shambulio.* Mishipa ya fahamu hupona polepole, miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mazoezi ya viungo yaanze mapema. Gabapentini inaweza kusaidia.

*Daktari wa zamu hajawahi kusikia pofiria.* Hilo litakutokea, usikasirike. Mpe kadi, mpe cheti cha kipimo, mpe simu ya daktari wako, kisha umwambie: "Daktari, naomba glukosi ianze wakati unasoma."